Ua la Uani na Dawa ya Saratani

Ukipita katika nyua za nyumba zetu za Kimara, Mabibo, Manzese au Sinza, hukosi kuliona ua dogo lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, linalochanua hata wakati wa jua kali. Wengi hulipanda kwa pambo tu. Wengine huliita vinka, na wataalamu huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni kisiwa cha jirani yetu, Madagaska. Mmea huu ndio unaotupatia dawa mbili za saratani, yaani vinkristini na vinblastini.

Wazazi wakisikia hivyo huuliza: "Nesi, kama dawa inatoka kwenye ua hili, kwa nini nisichemshe majani nikampa mwanangu nyumbani?" Swali hilo ni la haki, na linahitaji jibu kamili, maana kukosea hapo kunaweza kugharimu maisha ya mtoto.

Seli nazo hufa

Mwili umejengwa kwa seli nyingi mno, na kila siku seli mpya huzaliwa na zilizochakaa hufa. Kifo hicho si ajali, bali ni kazi ya mwili yenye mpango. Mtoto anapoumbwa tumboni, vidole vyake huwa vimeungana kama mguu wa bata. Baadaye seli za katikati hujiua zenyewe, na vidole vikaachana. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo cha namna hiyo apoptosisi, neno la Kigiriki linalotaja majani yanayopukutika mtini.

Seli ya saratani ni seli iliyokataa kupukutika. Amri ya kufa haiitii, nayo huendelea kuzaana mpaka uvimbe unajitokeza. Kwa hiyo dawa nyingi za saratani hufanya kazi ya kuilazimisha seli hiyo ife.

Vinkristini hufanyaje kazi?

Seli inapotaka kugawanyika kuwa mbili, hutengeneza nyuzi nyembamba sana za kuvuta urithi wake, nusu huku na nusu kule. Vinkristini hukamata vipande vinavyojenga nyuzi hizo, visiweze kuungana. Seli hukwama katikati ya kazi, haiwezi kusonga mbele wala kurudi nyuma. Ikikwama kwa muda mrefu, mitambo yake ya ndani huamuru kifo, na vimeng'enya vilivyokuwa vimelala huamka na kuikatakata kutoka ndani kama mikasi. Seli za jirani huyala mabaki.

Lakini nyuzi kama hizo zimo pia katika mishipa ya fahamu, ambako husafirisha mahitaji ya mishipa hiyo. Ndiyo maana mgonjwa anayetumia vinkristini hufa ganzi vidoleni na kupata choo kigumu. Nywele nazo hupukutika, kwa sababu seli za mizizi ya nywele huzaana upesi. Msitishike, bali mwambieni muuguzi mapema.

Kwa nini tusichemshe majani?

Katika miaka ya 1950 huko Kanada, wataalamu Robert Noble na Charles Beer walichunguza majani ya mmea huu yaliyotoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha na kuyanywa kwa ajili ya kisukari. Panya walionyweshwa hawakupungua sukari. Lakini waliochomwa sindano ya maji ya majani hayo walipungukiwa sana na chembe nyeupe za damu. Wataalamu wakatambua kwamba kitu kinachoua chembe nyeupe huenda kikafaa kwa saratani ya damu. Kufikia mwaka 1958 walikuwa wameipata vinblastini.

Ili kupata gramu 1 tu ya vinblastini zilihitajika takriban kilo 500 za majani makavu. Aidha, majani hayo yana kemikali zaidi ya 70 za jamii hiyo, na nyingine ni sumu. Anayekunywa sufuria nzima hajui amekunywa nini wala kiasi gani. Kwa upande wa hospitali, dozi ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja. Hutolewa kwenye mshipa wa damu tu, kwa uangalifu mkubwa, kwani ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Sisemi kwamba miti yetu haina dawa. Hapa kwetu Mabibo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo cha kuchunguza dawa za asili. Hiyo ndiyo njia yake: mmea uchunguzwe na kupimwa kwanza, ndipo mgonjwa apewe.

Uvimbe wa taya kwa watoto

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto, nao baadaye ukaitwa kwa jina lake. Hutokea zaidi penye malaria nyingi, na huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Katika miaka ya 1960 watoto wa Uganda walitibiwa kwa dawa, vinkristini ikiwemo, na wengi wakapona. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa kuwa seli zake huzaana mbio, dawa huzikuta nyingi zikiwa katika kugawanyika na kuziua kwa wingi. Ndiyo sababu tunamwekea mtoto dripu na kupima mkojo wake: mabaki ya seli hizo huweza kuzielemea figo.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Baada ya dozi ya kwanza uvimbe huweza kunywea kabisa, na mzazi akadhani mwanawe amepona, akamrudisha nyumbani. La hasha! Seli chache zilizobaki zitazaana tena, na mara nyingi ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu.

Wazazi, zingatieni haya:

1. Mtoto akivimba taya, tumbo au jicho, au meno yakilegea bila sababu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kwanza kujaribu majani.

2. Akipewa rufaa ya Muhimbili, nendeni. Mkishindwa gharama au nauli, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa.

3. Malizeni dozi zote, hata uvimbe ukiwa umekwisha.

4. Kama mmekwisha kumpa dawa ya miti shamba, mwambieni daktari bila kuona haya.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Sindano humliza mtoto kwa dakika chache. Acheni alie, apone.