Faiba Haiozi, Boti Inaoza

"Fundi, nimepata boti ya faiba, futi ishirini na tatu, bei ya kutupa, na injini inawaka. Si faiba haiozi? Nikiipiga msasa na rangi si nimemaliza?"

Naulizwa hivi kila msimu, na mara nyingi muulizaji ameshatoa nusu ya fedha. Anachotafuta kwangu ni baraka. Leo naliandika jibu, ili anayefuata alisome kabla hajafungua pochi.

Faiba kweli haiozi. Lakini boti nyingi za mwendokasi zilizotoka viwandani kati ya miaka ya 1970 na 1990 hazikujengwa kwa faiba peke yake. Ndani ya ukuta wa tezi, pale injini inapofungwa, kuna plaiwudi nene, milimita 36 hadi 50, iliyobanwa kati ya ngozi mbili za faiba. Chini ya sakafu kuna mihimili mirefu ya mbao iliyovikwa faiba, ikitoka tezi kwenda omo. Sakafu yenyewe aghalabu ni plaiwudi iliyopakwa tabaka juu na kuachwa karibu tupu upande wa chini. Kwa macho unaona chombo cha faiba mwanzo hadi mwisho, ilhali nguvu inayobeba injini, abiria na vishindo vya mawimbi imo kwenye mbao usizoziona.

Na mbao hizo zimetobolewa. Bolti nne za injini, tundu la kizibo cha kutolea maji, skrubu za kipimo cha kina, skrubu za ngazi, vishikio vya nyaya: kila tundu ni mlango. Kiwandani yalizibwa kwa gundi ya mpira, na gundi hiyo hukakamaa na kuachia kadiri miaka inavyopita. Maji yakishaingia hayana njia, kwa kuwa zile ngozi mbili zilizowekwa kuyazuia nje sasa zinayafungia ndani. Kuvu inayokula mbao inahitaji unyevu, hewa kidogo na joto. Pwani yetu inaipa vyote mwaka mzima.

Kuna jambo wauzaji hulitaja kama sifa: "Boti hii imekaa nchi kavu miaka mitatu, haijaguswa na chumvi." Nikisikia hivyo wasiwasi wangu huongezeka. Mabaharia wa majahazi wanajua siku zote kwamba adui mmojawapo mkubwa wa chombo cha mbao ni maji ya mvua yanayotuama ngamani. Maji ya chumvi huidumaza kuvu. Maji ya mvua huilisha. Boti inayotoka kila siku kupeleka watalii visiwani yaweza kuwa na tezi nzima kuliko ile iliyosimama chini ya mwembe bila turubai, kizibo kimefungwa, majani yameziba njia ya maji, ikapigwa na masika tatu mfululizo. Huko Malindi na Watamu, boti za kuvulia sulisuli hupandishwa juu bahari inapochafuka kwa kusi, kuanzia kama mwezi wa Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha. Isiyofunikwa hunywa maji wakati mwenyewe anaamini inapumzika.

Sasa nije kwenye dawa inayouzwa kila ufuo, kutoka Kunduchi hadi Shimoni: "Tutaipiga koti." Maana yake, fundi anasugua juu juu, anabandika tabaka mbili za mati zilizoloweshwa resini ya poliesta juu ya tezi iliyooza, anajaza fila ya magari palipobonyea, kisha anapaka rangi. Siku ya makabidhiano boti inang'aa, na mwenyewe analipa kwa furaha. Nimezifungua tezi nyingi zilizopigwa koti. Ndani yake plaiwudi imekuwa tope jeusi linalochotwa kwa kijiko, lina harufu ya uchachu, na bolti za injini zinacheza kwa kusukumwa na kidole.

Chukua kipande cha boksi la katoni. Kina karatasi mbili nyembamba na mawimbi ya karatasi katikati. Kikunje uone kinavyokataa. Chomoa yale mawimbi, kisha kunja karatasi zilizobaki. Tezi ya boti iko hivyohivyo: ugumu wake unatokana na ngozi mbili zilizotenganishwa, na wakati huohuo kushikamanishwa, na ubao wa katikati. Ubao ukigeuka tope, kila ngozi inapinda kivyake. Milimita tatu za mati ulizoongeza nje hazirudishi kilichopotea katikati, hata fundi awe hodari namna gani. Unene katika kazi hii una hesabu kali: ubao mmoja ukipunguzwa unene kwa nusu, ugumu wake wa kutopinda hushuka hadi sehemu moja ya nane. Watu wanaopiga koti hufikiri kwa kujumlisha, tabaka juu ya tabaka, na bahari haijumlishi hivyo.

Tena koti lenyewe halishiki. Poliesta huungana vyema na tabaka la poliesta ambalo bado halijakauka vizuri. Juu ya faiba iliyokauka miaka thelathini inang'ang'ania mikwaruzo ya msasa tu. Juu ya jelikoti (lile tabaka la nje linalong'aa) ambayo haikuondolewa inashika jelikoti, na boti inabaki peke yake. Juu ya mbao yenye unyevu haishiki kabisa. Na baya kuliko yote, koti linaziba nyufa ndogo ambazo angalau maji yalikuwa yakivujia nje. Umeufunga uozo ndani na umeulipia.

Dawa hii ina ndugu zake. Mmoja ni kutoboa vitundu na kumimina epoksi nyepesi "iingie kwenye mbao iigandishe." Haiingii. Mbao iliyooza imejaa maji, na palipojaa maji epoksi haina pa kukaa. Inatengeneza vijiti vigumu ndani ya tope. Mwingine ni kumimina oili chafu, kwa kuwa inafukuza mchwa kwenye nguzo za nyumba. Oili ikishanywewa na mbao, hakuna resini itakayoshika hapo tena, hata utakapokuja kufanya kazi ya kweli. Silikoni ya madirisha nayo ina kosa hilohilo: inaacha utando ambao gundi nyingine zinaukataa.

Mbona nakazania tezi kiasi hiki? Kwa sababu ndipo watu wanapokufa. Injini ya mipigo miwili ya nguvu farasi 75 inazidi kilo 100, na ya mipigo minne yenye nguvu ileile kwa kawaida ni nzito zaidi. Mtu ananunua boti ya mwaka 1985 iliyosanifiwa kwa ile nyepesi, anaifunga ile nzito, kisha anaifungulia moto. Propela inasukuma huku chini, mabano yanakandamiza tezi kwenda mbele, na bolti za juu zinavuta kwenda nyuma, kila wimbi, safari nzima. Siku plaiwudi inapokubali yaishe, injini inalala nyuma na kuchana ukuta mahali ambapo boti iko chini kuliko pote juu ya maji. Likitokea hilo katikati ya Nyamisati na Kilindoni, mkiwa na abiria na mizigo, rangi mpya haiwasaidii.

Boti zenye injini ya dizeli ndani zina ugonjwa uleule mahali pengine. Vitanda vya injini ni mbao zilizovikwa faiba. Zikioza, bolti za miguu ya injini hulegea, mhimili wa propela unapoteza mstari, boti inatetema, na pale mhimili unapotokea panaanza kuvuja. Mwenyewe anabadilisha propela, tena na tena.

Basi ukienda kuangalia boti, nenda na nyundo ya plastiki, tochi, bisibisi na keekee. Gonga tezi yote na sakafu yote: palipo pazima pana mlio mkavu, palipooza pana mlio mfu. Tazama pembe za tezi kama jelikoti ina nyufa za utando wa buibui. Mwambie mtu mzito asimame juu ya bamba lililo juu kidogo ya propela, injini ikiwa imenyooka chini, naye ajitikise taratibu huku wewe unatazama tezi kutoka pembeni. Haitakiwi kupumua hata kidogo. Tembea sakafuni bila viatu, unyayo unahisi ulegevu kabla ya jicho kuuona. Fungua skrubu moja ya chini kabisa. Ikitoa machozi ya maji ya kahawia, umeshajibiwa.

Jibu la mwisho linatoka kwenye keekee. Kwa ruhusa ya mwenye boti, toboa vitundu vya milimita tano kutoka upande wa ndani, chini ya tezi, karibu na kizibo na karibu na bolti za injini, ukiwa umefunga utepe kwenye ncha kupima kina usije ukatokea nje. Pokea unga wake kiganjani. Unga mkavu wa rangi ya mbao, wenye harufu ya mbao, ni habari njema. Unga mweusi, uliolowa, unaonata, ni habari ya gharama. Kila kitundu kizibwe kwa epoksi siku hiyohiyo. Vipo vipimo vya unyevu vya umeme, navyo vinasaidia, lakini chumvi, rangi ya chini na chuma kilicho jirani huvidanganya. Muuzaji akikataa katakata usitoboe, mshukuru, uondoke.

Angalia pia povu lililojazwa chini ya sakafu ili boti ielee. Likizeeka linanyonya maji, na mita moja ya ujazo ikishiba inakaribia tani nzima. Ikiwa boti iko majini, linganisha mstari wa zamani wa rangi ya chini na mahali maji yanapofika leo. Tezi ikiwa imezama kupita mstari huo bila mzigo, unajua ni kitu gani kimebebwa humo ndani. Na kama tangi la alumini limefukiwa kwenye povu lililolowa, lihesabu limekwisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama ngamani ukisubiri cheche.

Injini nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kuwaka si kipimo. Pima mgandamizo wa kila silinda, fungua oili ya gia chini uone kama imekuwa nyeupe kwa maji, na hakikisha maji ya kupoza yanatoka. Injini mbovu inafunguliwa na kuwekwa nyingine. Tezi mbovu ni boti nzima.

Umepata uozo, sasa una njia hizi. Kwanza, kuondoka; mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote, na boti nyingine zipo. Pili, kununua kwa ajili ya injini, trela na vyuma tu, ukilipa bei ya vitu hivyo na kulihesabu ganda kuwa sifuri. Tatu, kununua na kujenga upya, hapo weka hesabu hivi: chukua bei ya boti kama hiyo iliyo nzima, toa vifaa, toa ufundi, toa injini kama inahitajika, toa miezi ya kusubiri, kinachobaki ndicho unachompa muuzaji. Kikibaki chini ya sifuri, rudi kwenye njia ya kwanza. Karatasi nazo zilingane na namba iliyo ubavuni, iwe mamlaka inayosajili ni TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar au KMA kwa Kenya.

Ukijenga upya, jua kwamba gharama haiko kwenye ubao. Tezi ya mita 2 kwa sentimita 60, tabaka mbili za milimita 18, inatoka kwenye karatasi moja ya plaiwudi. Fedha inakwenda kwenye kukata ngozi ya ndani, kukwangua kila chembe ya uozo, kusubiri pakauke, kuchonga mteremko wa kuungia mara kumi na mbili ya unene wa ngozi (ngozi ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60), kisha kugundisha kwa epoksi na kurudisha faiba ya kufumwa. Tumia plaiwudi ya kiwango cha BS 1088. Ile ya kahawia inayong'aa, ambayo maduka ya vifaa vya ujenzi huiita "marine board", ni ya kumwagia zege, na ule utando wake hauishiki resini. Matundu ya bolti yatobolewe makubwa, yajazwe epoksi, yatobolewe upya katikati ya epoksi hiyo, ili maji yasiione mbao tena.

Wavalishe mafundi barakoa zenye vichujio, kitambaa cha mdomoni hakizuii vumbi la glasi wala mvuke wa resini. Hadina ya poliesta, ile mililita 10 hadi 20 kwa kilo ya resini, inapofusha. Miwani ivaliwe kabla ya chupa kufunguliwa, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikiruka jichoni, liogeshe papo hapo, dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali.