Msiifute WinSxS

Swali limekuja tena, safari hii kutoka hoteli moja upande wa Utende, hapa Mafia: "Fundi, C ya seva imejaa, imekuwa nyekundu. Nimeona folda ya WinSxS ndiyo iliyokula nafasi. Naifutaje? Maana inanikatalia." Kabla yake aliniuliza mhasibu wa duka la jumla hapa Kilindoni, na kabla ya mhasibu, vijana wengine wanaosimamia kompyuta za maofisini. Jibu halijabadilika. Haifutwi. Na ikikukatalia, usilazimishe.

Najua ushauri wa kuifuta unakotoka. Mtu anafungua folda ya Windows, anaangalia ukubwa wa kila kilichomo, anakuta folda yenye jina lisiloeleweka ikionyesha GB 10 au zaidi. Anatafuta mtandaoni, anapata video ya dakika tatu inayomfundisha kujimilikisha folda hiyo kwa amri ya takeown, kujipa ruhusa kwa icacls, kisha kufuta. Video hizo zimekosea mambo mawili makubwa, na la kwanza ni hesabu.

Sehemu kubwa ya mafaili yaliyomo WinSxS ni yale yale unayoyaona ndani ya System32. Sisemi nakala zake. Nasema yale yale. Data ni moja kwenye diski, ila imepewa majina mawili katika folda mbili. File Explorer hailitambui hilo, inajumlisha kila jina inalokutana nalo. Ni kama karani anayemwandikisha Mwanahawa kwa jina la kitambulisho, kisha akamwandikisha tena kama Mama Juma, halafu akadai nyumba ina watu wawili. Ukifuta jina moja, data haiondoki, kwa kuwa jina la pili bado linaishikilia. Umeharibu mfumo, na nafasi hujaipata.

Ukitaka ukubwa wa kweli, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore. Amri hii ipo tangu Windows Server 2012 R2. Katika mfano ulio kwenye maelezo ya Microsoft wenyewe, Explorer inaonyesha GB 4.98. Kati ya hizo, GB 4.38 ni mafaili ambayo Windows inayatumia. Masalia ya masasisho ya zamani na vipengele vilivyozimwa ni MB 507 hivi. Kwa hiyo mtu anayepiga hesabu ya kuokoa GB 5 anagombania nusu GB.

Kosa la pili ni baya zaidi. WinSxS ni ghala ambalo Windows inalitumia kujirekebisha. Sasisho la kila mwezi linapoingia, linapitia humo. Ukiongeza huduma mpya kwenye seva, mafaili yake hutoka humo. Amri ya sfc inapogundua faili bovu, hulichukua zima humo. Ukilivuruga ghala hilo, seva inaweza kukudanganya kwa kuendelea kufanya kazi wiki kadhaa, kisha masasisho yanagoma, au umeme unakatika usiku na asubuhi mashine haiwaki. Hapo mara nyingi unaishia kusakinisha upya.

Na kusakinisha upya Mafia si sawa na kusakinisha upya Kariakoo. Kifaa au fundi anatoka Dar kwa ndege, au anashuka hadi Nyamisati asubiri kivuko. Kumbukeni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kilikuja kimbunga Hidaya, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Aliyekuwa hana diski ya kusakinishia siku zile angeipakua wapi? Ndiyo maana nakasirika ninaposikia mtu anauita ushauri wa kuifuta WinSxS usafi wa kawaida.

Folda ya Windows\Installer nayo iacheni. Ukiifuta, programu zako nyingi huenda zisisasishike wala kuondoleka. Programu za "kusafisha rejista" hazikupi nafasi yoyote ya maana.

Swali la kuuliza ni: kitu gani kinaongezeka? WinSxS ilikuwepo siku seva inafunguliwa kutoka kwenye boksi, na C haikuwa imejaa. Endesha WinDirStat au TreeSize kama msimamizi, andika ukubwa wa folda, rudia baada ya wiki. Kilichonenepa ndicho chenye kosa.

Mara nyingi utakuta haya. Logi za IIS ndani ya C:\inetpub\logs\LogFiles, ambazo hazijifuti zenyewe: hamisha za zamani, panga kazi ya kuzifuta kila mwezi. Faili la .ldf la SQL Server lililovimba kwa sababu hifadhidata iko kwenye modeli kamili ya urejeshaji (full recovery) na hakuna anayechukua nakala rudufu ya logi: usilifute kamwe, chukua nakala ya logi, lipunguze mara moja, kisha weka ratiba. Programu ya uhasibu inayotupa nakala rudufu kila usiku kwenye C ile ile: ipeleke D, na nyingine kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, maana nakala iliyo kwenye diski moja na data yake haikukingi na lolote diski ikifa. MEMORY.DMP, kama hakuna anayeichunguza, futa. SoftwareDistribution\Download, simamisha huduma ya Windows Update kwanza, futa yaliyomo, iwashe tena. Pagefile, ihamishie D, lakini bakiza kidogo C kama unataka kumbukumbu za ajali. Masalia halali ya WinSxS yaondoe kwa Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup. Usiongeze /ResetBase kama huna hakika na masasisho ya karibuni, kwa kuwa baada yake huwezi kuyaondoa.

Na kama C ilitengwa ndogo tangu mwanzo, ipanuliwe. Disk Management ikikataa, angalia kama kuna sehemu ya uokoaji iliyokaa kati ya C na nafasi tupu. Inahamishika, ila chukua nakala rudufu ya seva nzima kwanza, na jaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine kabla hujagusa kitu.