Bwawa la samaki Moshi: Pima maji kabla ya kununua vifaranga

Mwenye shamba anayetaka kuweka mtaji katika bwawa la samaki kwenye miteremko ya Kilimanjaro ana swali moja la kujibu kwanza: afuge sato, kambale au trauti? Wengi hujibu kwa kutazama bei ya sokoni. Mlimani jibu hilo laweza kumla mtu mtaji, kwa sababu kinachoamua ukuaji wa samaki ni joto la maji.

Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Marangu inazidi mita 1,300. Kwa kawaida kila mita 100 za kupanda hupunguza joto la hewa kwa takriban nyuzi 0.6. Tena maji ya mfongo yanayotoka msituni huingia bwawani yakiwa baridi, na yakiachwa yatiririke mchana na usiku hayapati nafasi ya kupashwa na jua.

Sato: faida ya tambarare

Sato hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 hula kidogo na kukua polepole. Kwa hiyo mahali pake ni tambarare, upande wa Kahe na Chekereni.

Udhaifu wake ni uzazi. Huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, bwawa likajaa watoto wanaogombea chakula, na wote wakadumaa. Dawa yake ni kununua vifaranga madume watupu, ambao pia hukua haraka kuliko majike.

Tuchukue hesabu ya mfano. Bwawa la mita za mraba 300, kwa vifaranga 3 kila mita, hupokea vifaranga 900. Wakifa asilimia 20 hubaki 720. Wakivunwa wakiwa na gramu 250 kila mmoja, mavuno ni kilo 180. Wakidumaa kwenye gramu 100, ni kilo 72 tu. Kama kila kilo ya samaki inahitaji kilo 1.8 za chakula, kilo 180 zimegharimu kilo 324 za chakula. Mwekezaji atie bei za wiki hii kwenye tarakimu hizo kabla ya kuchimba.

Kambale: mvumilivu, lakini chagua wateja

Kambale huvumilia maji yenye hewa kidogo, kwani anaweza kuvuta hewa ya juu. Wakitofautiana ukubwa hulana, hivyo sharti watengwe mara kwa mara. Wachache, wadogo kuliko sato, wakiwekwa katika bwawa la sato hula watoto wanaozidi. Upande wa soko, Waadventista Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na upande wa Upare ni wengi.

Trauti: samaki wa juu

Trauti aliletwa kutoka Scotland mwaka 1927 na kupandikizwa katika mito ya kaskazini kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Hupenda maji safi yanayotiririka, ya nyuzi 10 hadi 16. Ndiye anayelingana na baridi ya juu, lakini chakula chake kinataka protini nyingi na wateja wake ni wachache. Asiye na mnunuzi wa uhakika, kama hoteli, asianze.

Vibali na ushindani

Sato ni mgeni katika bonde la Pangani, na akitoroka huzaana na perege wa asili. Mfereji wa kutolea maji uwekwe wavu, na ofisi ya uvuvi iulizwe kabla ya kusafirisha vifaranga. Matumizi ya maji yanaongozwa na Sheria Namba 11 ya 2009, hivyo Bodi ya Maji Bonde la Pangani iulizwe kuhusu kibali.

Samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu nao hufika Moshi, na aliyewavua hakununua chakula. Mfugaji hawezi kushindana naye kwa bei. Nguvu yake ni kuuza samaki hai, bwawani, siku mteja anayotaka.

Hatua ya kwanza ni rahisi: kipimajoto kitumbukizwe majini asubuhi na alasiri kwa wiki nzima, kati ya Juni na Agosti. Wastani ukiwa chini ya nyuzi 20, fedha za vifaranga vya sato zibaki mfukoni.