Sura ya Sita: Kadi Inayorushwa

Muulize mtu asiyekusanya kadi kwa nini kadi fulani ina bei ya kutisha, atakujibu upesi: kwa sababu ziko chache. Jibu hilo lina ukweli, ila halifiki mbali. Kuna kadi mbili zilizotoka siku moja na kuchapishwa kwa idadi ileile. Moja ilinunuliwa kwenye mnada mwaka 2021 kwa dola 511,100. Ya pili, hata iwe safi namna gani, haijawahi kukaribia kiasi hicho. Ya kwanza ni Black Lotus. Sura hii inaihusu ya pili, Chaos Orb, ambayo mimi naiona ndiyo yenye hadithi tamu zaidi.

Zote mbili ni za mchezo wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Mmarekani Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwezi Agosti 1993. Humu kila mchezaji huja na kadi zake. Hununua pakiti zilizofungwa bila kujua kilichomo, kisha hubadilishana na wenzake mpaka apate anazozitaka. Kwa hiyo uadimu wa kadi huamuliwa kiwandani. Kadi zilichapwa Ubelgiji, kwenye karatasi kubwa zenye nafasi 121 kila moja: karatasi ya kadi za kawaida, ya kadi za wastani na ya kadi adimu, na kila pakiti ilipewa idadi yake kutoka kila karatasi. Katika toleo la kwanza, ambalo wakusanyaji huliita Alpha, kadi adimu zilikuwa 116. Nafasi tano zilizobaki wakazijaza Island, kadi ya ardhi ya kawaida kabisa. Basi kuna watu waliofungua pakiti yao, wakafika mahali pa kadi adimu, wakakuta kisiwa ambacho tayari walikuwa nacho tele.

Kila kadi adimu ya Alpha ilipata takriban nakala 1,100. Toleo la pili, Beta, likaongeza kama 3,300, na mwishoni mwa mwaka huohuo likaja Unlimited, lenye ukingo mweupe, na nakala zipatazo 18,500. Chaos Orb imo katika yote matatu, kisha haikuchapishwa tena kwa ajili ya mchezo. Alpha hutambulika kwa pembe zake: zimekatwa kwa mviringo mkubwa kuliko matoleo yaliyofuata, kiasi kwamba ukiichanganya na nyingine, macho makali yataiona hata ikiwa imelala kifudifudi.

Sasa tuisome kadi yenyewe, iliyochorwa na Mark Tedin. Kuiweka mezani kunagharimu mana mbili, yaani nguvu mchezaji anazozipata kutoka kwenye ardhi zake. Ukilipa mana moja zaidi, unaichukua na kuirusha juu ya eneo la mchezo kutoka kimo cha futi moja au zaidi. Lazima ijipindue mzunguko kamili walau mara moja, la sivyo inatupwa bila kudhuru chochote. Ikitua, kila kadi inayoigusa inaharibiwa, na yenyewe inakufa pamoja nazo.

Haichagui. Kiumbe, ardhi, kifaa, uchawi wa kudumu, vyote ni mamoja kwake, tena kwa bei ya mana tatu tu. Kinachotakiwa ni mkono. Katika mchezo uliojengwa juu ya akili na hesabu, hapa ghafla anashinda mwenye shabaha.

Wachezaji nao si wajinga. Wakaanza kutandaza kadi zao mbalimbali, moja huku, nyingine kule, ili mrushaji asipate mbili kwa mpigo. Waamuzi ikabidi watoe ufafanuzi: kadi unaweza kuzipanga utakavyo kabla Chaos Orb haijawekwa mezani, usizirundike wala kuzificha mpinzani asizione, kava la plastiki linahesabika kuwa sehemu ya kadi, zinazoharibiwa ni zile inazozigusa inapokuwa imetulia, si zile ilizozipitia ikiteleza. Ipo pia hadithi ya mchezaji aliyeichanachana Chaos Orb yake vipande vipande na kuvinyunyiza juu ya kadi zote za mpinzani. Ikiwa kweli ama si kweli, kampuni iliipenda: mwaka 1998, katika toleo la utani liitwalo Unglued, ilitoa kadi ya Chaos Confetti, ambayo sheria yake inakuamuru uichane na kuvirusha vipande kutoka futi tano.

Katikati ya miaka ya 1990 Chaos Orb ilipigwa marufuku katika mashindano rasmi. Hapo ndipo njia za kadi zetu mbili zilipoachana. Black Lotus, inayompa mchezaji mana tatu bila gharama, iliwekewa kikomo cha nakala moja, lakini katika mashindano ya Vintage, mtindo unaoruhusu kadi za zamani, bado inachezwa, na karibu kila anayetaka kushinda huko anaihitaji. Chaos Orb ikabaki na wakusanyaji peke yao. Mwaka 1996 kampuni, baada ya kuwaudhi wakusanyaji kwa kuchapisha upya kadi za zamani, iliahidi kwamba kadi kadhaa hazitarudiwa kamwe. Zote mbili zimo katika orodha hiyo, kwa hiyo idadi haikubadilika upande wowote.

Kilichobadilika ni wachezaji. Nchini Sweden walizuka watu waliotaka kucheza kwa kadi za 1993 na 1994 tu, mtindo unaojulikana kama Old School, na wakairudisha Chaos Orb, nakala moja kwa kila mtu. Mahitaji yakafufuka, na leo hata nakala ya Unlimited haipatikani kwa bei ya mchezo. Waswidi waliirekebisha sheria pia: mrushaji hutaja kwanza kadi moja anayoilenga, na hiyo peke yake ndiyo huharibiwa ikiguswa. Kutandaza kadi meza nzima kukakosa maana. Kufanya mazoezi kukabaki palepale, na wengi huyafanya kwa kadi ya bei poa iliyovikwa kava lilelile.