Dona, sembe na gharama ya moto

Anayeamua kuachana na vyakula vya kiwandani hapa Dar es Salaam mara nyingi huanzia supamaketi, kwenye rafu ya mchele wa kahawia, shayiri iliyosafirishwa kwa meli na pakiti zenye picha ya jani la kijani. Akijumlisha, anakata tamaa, na ana haki. Ila rafu ile inauza zaidi jina. Chakula kisichokobolewa kwa bei ya kueleweka kinapatikana mashineni, gengeni na kwa muuza nafaka, na huko hesabu inageuka.

Tuanze na ugali. Tuseme mahindi ni shilingi 1,000 kwa kilo, na mashine inatoza shilingi 100 kwa kilo kukoboa na 100 nyingine kusaga. Weka bei za mtaani kwako, mwelekeo hautabadilika. Ukisaga kilo 10 za dona unalipa jumla ya 11,000 na kupata unga wa kilo tisa na nusu hivi, yaani kama 1,158 kwa kilo. Kwa sembe, pumba na kiini vinabaki mashineni. Ukitoka na kilo saba na nusu, umelipa 11,750, sawa na 1,567 kwa kilo. Unalipa zaidi ili upewe kidogo, na ulichoacha, pamoja na nyuzinyuzi na mafuta ya kiini, kinaishia kwa kuku. Kuku wa Dar wanakula vizuri.

Dona ina masharti yake. Mafuta yale ya kiini huufanya unga uchache mapema, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Gunia zima la unga ni la sembe. Sharti kubwa zaidi ni sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, chanzo kikiwa mahindi yaliyoota ukungu. Moto wa jikoni hauiondoi. Kukoboa hupunguza sehemu kubwa, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, vitu vilevile ambavyo mla dona anavitafuta. Basi anayekula dona asinunue mahindi kwa macho ya sembe: yawe makavu ya kulia yakimwagwa, na punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi zitolewe kabla ya kwenda mashine. Kama huna muda wa kuchambua wala muuzaji unayemwamini, mimi ningekushauri ubaki na sembe, uweke maharage na mboga za majani pembeni.

Maharage ndiyo yanayowatisha watu, na kinachowatisha ni mkaa. Kilo moja kavu ikiiva inazidi kilo mbili, na kwa protini hakuna soseji ya bei hiyo itakayoifikia. Lakini ukiyapika bila kuloweka, kwa mkaa wa kupimiwa kopo, moto unaweza kukaribia bei ya chakula chenyewe. Kuloweka usiku kucha ni bure na hukata muda sana. Jiko la presha la umeme huivisha sufuria ya maharage bila kumaliza uniti moja, na uniti kwa mteja wa kawaida wa nyumbani ni kama shilingi 356. Linalouma ni bei ya kulinunua. Asiye nalo achemshe ya siku tatu kwa mkupuo mmoja, ayagawe, ayahifadhi kwenye friji, aunge kidogo kidogo.

Asubuhi ni rahisi zaidi. Mihogo, viazi vitamu na magimbi vikiwa vya msimu hushibisha kuliko mkate wa gramu 400 ambao watoto wawili wanaumaliza kabla chai haijapoa. Nje ya msimu mkate unashinda kwa bei, na sioni aibu kuununua. Soda haina msimu: chupa ya mililita 350 huwa na karibu vijiko tisa vya chai vya sukari, na kuiacha hakuhitaji kununua kitu kingine chochote.

Kwa dagaa, angalia mchanga. Wa Mwanza ni wa bei ya chini, lakini wakianikwa chini huja na mchanga unaoulipia kama samaki, na ukishawaosha na kukata vichwa kilo imepungua. Wa Kigoma ni ghali zaidi, ila mara nyingi ni wasafi. Linganisha baada ya kuosha.

Kuna vitu vya kiwandani ambavyo nisingeviacha. Chumvi ya mawe isiyo na madini joto, hata kama inasifiwa kuwa ya asili, haifai kuwa chumvi pekee ya nyumba. Na unga wa pakiti wenye nembo ya kuongezwa virutubisho una madini ya chuma na foliki asidi ambavyo mashine ya mtaani kwa kawaida haiongezi. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba na asiye na vidonge vya foliki ana sababu nzuri ya kuuchagua, bei yoyote iwayo ya dona.