Barabara ya Bombo, Kutoka Wandegeya Hata Gulu

Mtu asimamaye penye taa za Wandegeya, pale njia ishukayo kutoka kilima cha Makerere inapokutana na ile iendayo Mulago, aghalabu huiona Barabara ya Bombo kuwa njia ya mjini tu, ya teksi na bodaboda na wanafunzi wanaongojea rolex yao, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Ilhali njia hiyo hiyo, akiifuata kaskazini, itamfikisha Gulu, mwendo wa kilomita 340 hivi, na akizidi mbele itamtoa Nimule, mpakani mwa Sudani Kusini, na hatimaye Juba.

Wandegeya yenyewe ilipata bahati ya ujirani. Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913, na chuo cha Makerere kikafunguliwa mwaka 1922, kwanza kikiwa shule ya ufundi. Na kwa kuwa wagonjwa, wauguzi, walimu na wanafunzi wote hawana budi kula, kununua na kusafiri, soko na vibanda vya chakula vilistawi bondeni baina ya vilima vya Makerere na Mulago. Ukiondoka hapo barabara huteremka mpaka Bwaise, mtaa uliojengwa katika bonde la kinamasi, ambapo mvua kubwa ikinyesha maji hurudi kudai makao yake ya asili, kisha hupita chini ya ile barabara ya mzunguko ya kaskazini, ikaendelea Kawempe na Matugga. Sehemu hii haihitaji maelezo mengi, maana msafiri huijua kwa foleni yake.

Bombo, kilomita 35 hivi kutoka jijini, ndipo mahali pa kutua. Mji huu ulioipa njia jina lake ulikuwa kambi ya kikosi cha nne cha King's African Rifles, na hata leo una makao makuu ya jeshi la nchi kavu la Uganda. Humo wanakaa Wanubi, dhuria ya askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, liwali wa Jimbo la Ikweta, ambao baada ya Khartoum kutwaliwa na jeshi la Mahdi mwaka 1885 walikatikiwa na njia ya kurudi kwao, hata Lugard, ofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipowakuta mwaka 1891 akawaingiza katika utumishi wa kampuni hiyo. Lugha yao, Kinubi, ni tawi la Kiarabu lililoota kambini, na pamoja nayo walisema Kiswahili, lugha ya amri na ya gwaride. Mpwani akikisikia Kiswahili cha njia hii huenda akatabasamu. Lakini yafaa akumbuke kwamba kilifika huku bila msaada wa mshairi wala mwalimu wa madrasa, nacho kikadumu.

Mbele ya Bombo ni Wobulenzi na Luweero, nchi ya mananasi, na nchi ya msiba. Kati ya mwaka 1981 na 1986, vita vya msituni baina ya serikali, hasa ile ya Rais Milton Obote, na wapiganaji wa NRA wa Yoweri Museveni viliwaangamiza raia wengi sana hapa, na vita vilipokwisha wapita njia waliona mafuvu ya marehemu yamepangwa kando ya barabara, mpaka yalipozikwa katika makaburi ya pamoja yaliyojengewa kumbukumbu. Kutoka hapo nchi hukauka na kuwa mbuga ya ng'ombe na makaa. Unauvuka mto Kafu, unapita Kigumba na Bweyale, karibu na kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo, kisha miti inashikamana, nyani wanatokea kandokando, na Naili inasikika kabla ya kuonekana. Hapo ni Karuma.

Zamani safari ya kaskazini ilikuwa zaidi ya maji kuliko ya nchi kavu. Meli za shirika la reli zilivuka Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, shehena ikachukuliwa kwa malori hata Butiaba kwenye Ziwa Albert, na huko meli nyingine ikashuka nayo mpaka Nimule. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 maziwa yalifurika kupita kiasi na bandari ya Butiaba ikaharibika, na mwaka 1963 daraja la Karuma likafunguliwa. Hivyo barabara ikairithi kazi ya meli, na daraja moja likabeba dhamana ya kaskazini nzima.

Wenye silaha waliutambua ukweli huo mapema. Mei 1979 askari wa Tanzania waliokuwa wakilifukuza jeshi la Idi Amin walipigana Karuma kabla ya kuingia Gulu. Machi 1986 NRA nao walipita papo hapo. Na katika miaka ya vita vya mwasi Joseph Kony magari yalivuka kwa msafara, yakilindwa na askari, kwa sababu ya mavizio ya njiani. Amani iliporudi baada ya mwaka 2006 malori yalimiminika kwenda Juba, hasa tangu kipande cha Nimule hata Juba, kilomita 192, kilipokamilishwa kwa lami mwaka 2012.

Basi daraja lilichoka. Mei 2024 magari mazito yalizuiwa kulipita, na kuanzia Septemba hata Desemba mwaka huo lilifungwa kabisa ili litengenezwe, na wasafiri wa Gulu na Arua wakalazimika kuzunguka, wengine kwa Masindi na Paraa, ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Wala hatari haikuwa darajani tu: mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, mabasi mawili yaliyokuwa yakipita magari mengine kutoka pande mbili yaligongana katika wilaya ya Kiryandongo, na zaidi ya watu 40 wakafariki.

Mimi sioni kwamba ukarabati unatosha. Njia inayohudumia kaskazini ya Uganda na biashara ya Sudani Kusini, ambayo kwa sehemu kubwa ina mkondo mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, haistahili kutegemea daraja moja la mwaka 1963. Kwa kuwa kazi za mamlaka ya barabara zimerudishwa katika Wizara ya Ujenzi, wizara hiyo ndiyo ya kuulizwa, na wa kuiuliza si watu wa Gulu peke yao: wachuuzi wa Wandegeya, wanaouza maharage na ufuta utokao ng'ambo ya Naili, nao wana haki ya kudai daraja la pili.