Krediti za Sekondari na Njia ya Kuhamia Chuo Kikuu: Mambo ya Kujua Mapema kwa Mwanafunzi wa Afya

Chukulia familia iliyotoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambayo sasa inaishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Mama ni msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee. Binti yake anamaliza sekondari na anataka kuwa daktari. Amefanya mtihani wa Biolojia wa mpango wa Advanced Placement, ujulikanao kwa kifupi AP, akapata alama 4. Mama anampigia simu kaka yake, tabibu katika kituo cha afya Kigoma, ambaye ndiye msomi wa ukoo: “Kaka, mtoto kafaulu Biolojia ya chuo akiwa bado sekondari. Kuna haja gani ya kulipa ada aisome tena?”

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaweza kuokoa fedha nyingi au kumfungia binti mlango wa shule ya udaktari miaka minne baadaye. Tatizo ni kwamba mjomba, kwa nia njema kabisa, huenda akajibu kwa kutumia ramani ya nyumbani. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha sita aliyefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia huomba kujiunga moja kwa moja na shahada ya udaktari ya miaka mitano. Alama zake nzuri humfungulia mlango wa chuo, lakini hazipunguzi hata muhula mmoja wa masomo. Marekani utaratibu ni tofauti kwa pande zote mbili: alama za sekondari zinaweza kupunguza masomo ya chuo, lakini udaktari husomwa baada ya kumaliza shahada ya kwanza, na shule ya udaktari huyakagua upya masomo yote yaliyotangulia.

Krediti hizo ni nini

Mpango wa AP huendeshwa na taasisi iitwayo College Board, iliyoanza kuusimamia mwaka 1955. Mwanafunzi husoma somo la kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo akiwa sekondari, hufanya mtihani mwezi Mei, na hupata matokeo mwezi Julai kwa alama za 1 hadi 5. Mpango wa International Baccalaureate, ambao hufundishwa pia na baadhi ya shule za kimataifa za Afrika Mashariki, hutoa alama za 1 hadi 7, na vyuo vingi vya Marekani hutoa krediti kwa masomo yaliyofanywa katika ngazi ya juu ya mpango huo.

Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida huhitaji krediti zipatazo 120, yaani takriban krediti 15 kwa kila muhula katika miaka minne. Somo moja la muhula mara nyingi huwa na krediti 3 au 4. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyefaulu mitihani minne ya AP anaweza kuingia chuoni akiwa na krediti zinazokaribia muhula mzima. Kwa familia inayohesabu kila dola, muhula mmoja ni jambo kubwa.

Katika vyuo vya umma vya Ohio, alama 3 au zaidi humpa mwanafunzi krediti, kwa sera ya jimbo iliyoanza mwaka 2009. California huvitaka vyuo vyake vya jamii kufanya vivyo hivyo. Hata hivyo, kupewa krediti na kupewa krediti inayofaa ni mambo mawili. Chuo kinaweza kuihesabu Biolojia ya AP kama somo la hiari tu kwa mwanafunzi wa sayansi, kisha kikamtaka asome Biolojia ya mwaka wa kwanza kama wenzake. Vipo pia vyuo visivyotoa krediti kabisa: Dartmouth iliacha kutoa krediti za AP kuelekea shahada kuanzia kundi lililotarajiwa kuhitimu mwaka 2018.

Pale krediti zinapopotea njiani

Familia nyingi za wahamiaji huchagua njia ya kuanzia chuo cha jamii, ambacho ada yake ni nafuu, kwa miaka miwili na krediti 60 hivi, kisha kuhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Njia hii ni nzuri, lakini krediti za AP hupita ndani yake kwa masharti yake zenyewe.

Sharti la kwanza ni kwamba chuo cha pili kwa kawaida hakifungwi na uamuzi wa chuo cha kwanza. Masomo aliyoyasoma binti katika chuo cha jamii huhama kupitia nakala rasmi ya matokeo yake. Krediti za AP, hata zikiwa zimeandikwa kwenye nakala hiyo, mara nyingi hupimwa upya kwa jedwali la chuo kikuu chenyewe, na chuo kikuu hutaka alama zitoke moja kwa moja College Board. Katika vyuo vya umma vya jimbo moja, kama Ohio, sera ya pamoja hulainisha jambo hili. Anayevuka mpaka wa jimbo au kwenda chuo binafsi asitegemee ulaini huo. Mwanafunzi ndiye mwenye wajibu wa kuagiza alama zipelekwe upya anapohama. Asipofanya hivyo, anaweza kujikuta akilisoma tena somo alilokwisha kulifaulu.

Sharti la pili ni la marudio. Mwanafunzi akikubali krediti ya AP, kisha akasoma somo lilelile chuoni, kwa kawaida hupoteza moja kati ya hizo mbili. Ikiwa mpango wake wote wa kuhama ulitegemea krediti hizo, hesabu ya 60 hupungua ghafla.

Sharti la tatu linahusu msaada wa fedha. Mwanafunzi wa muda kamili ni yule anayesoma angalau krediti 12 katika muhula. Krediti za AP hazimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hasomi chochote kwa ajili yake. Aliyeondolewa masomo mengi anaweza kubakiwa na machache mno ya kujaza muhula, na fungu lake la msaada likapunguzwa.

Mlango wa shule ya udaktari

Hapa ndipo swali la mama wa Columbus linapopata uzito wake. Shule nyingi za udaktari za Marekani hutaka mwombaji awe amesoma Biolojia, Kemia ya jumla, Kemia ya kaboni na Fizikia pamoja na mazoezi ya maabara, na nyingi huongeza Biokemia, takwimu na uandishi wa Kiingereza. Kuhusu krediti za AP, shule hutofautiana. Baadhi huzikubali mradi zimeandikwa kwenye nakala rasmi ya chuo kwa jina la somo na idadi ya krediti. Nyingine huzikubali endapo mwombaji amesoma somo la ngazi ya juu zaidi katika fani ileile. Nyingine hazizikubali kabisa kwa masomo ya sayansi. Jumuiya ya vyuo vya udaktari vya nchi hiyo, AAMC, hutunza orodha ya masharti ya kila shule, na orodha hiyo hupaswa kusomwa kabla ya mwaka wa kwanza wa chuo.

Kwa hiyo, jibu salama kwa binti huyu ni kutoitumia alama yake kama ruhusa ya kuiacha Biolojia. Aitumie, kama chuo kinaruhusu, kupanda hadi somo la juu lenye maabara, kwa mfano jenetiki, fiziolojia au mikrobiolojia. Akiona msingi wake una nyufa, basi aanze mwanzo bila haya. Kemia inahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa Kemia ya kaboni hujengwa juu ya Kemia ya jumla, na aliyeruka msingi huo kwa alama 3 anaweza kuanguka katika somo ambalo shule za udaktari hulitazama kwa makini. Krediti za Saikolojia, Historia au Kiingereza hazina hatari kubwa hivyo, na ndizo zinazoweza kumpa nafasi ya kupumua katika ratiba, ingawa shule inayotaka uandishi wa ngazi ya chuo itamtaka aongeze somo moja.

Ipo pia tofauti ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtihani wa AP hauingizwi katika wastani wa alama za chuo. Lakini masomo ya chuo yanayosomwa wakati wa sekondari, kama yale ya mpango wa College Credit Plus wa Ohio, huandikwa kwenye nakala rasmi ya chuo na kubaki humo daima. Shule za udaktari huyaona na kuyahesabu. Alama C aliyoipata mtoto wa miaka 16 katika somo alilolichukua kwa sababu lilikuwa la bure itamfuata hadi siku ya maombi.

Kwa anayetaka uuguzi

Uuguzi una hesabu yake. Krediti za Kiingereza, Saikolojia na Takwimu mara nyingi hukubaliwa. Anatomia na fiziolojia hazimo katika masomo ya AP, hivyo ni lazima zisomwe chuoni, na programu nyingi hutaka ziwe zimesomwa katika miaka ya karibuni. Mwanafunzi anayekaa miaka kadhaa kazini kabla ya kuhama aulize ukomo huo mapema.

Mzigo na mwili

Hamu ya kukusanya krediti isimfanye mtoto mgonjwa. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila siku. Anayesoma masomo matano ya AP, akawalea wadogo zake jioni na kuwatafsiria wazazi hospitalini, hulala saa chache, na matokeo huonekana darasani na katika hali ya moyo. Masomo mawili au matatu yaliyochaguliwa kwa kuangalia chuo anachokielekea yana faida kuliko sita yaliyochaguliwa kwa kushindana na jirani.

Namna ya kupanga

Mpangilio mzuri huanzia mwisho wa safari. Kwanza, familia itaje vyuo vikuu viwili au vitatu ambavyo mwanafunzi anakusudia kuhamia, na isome majedwali yao ya krediti. Pili, mwanafunzi amwone mshauri wa masomo wa chuo cha jamii na yule wa chuo kikuu, na majibu ayapate kwa maandishi. Tatu, aagize alama zake zipelekwe kila chuo anachojiunga nacho. Nne, kabla ya kukubali krediti ya somo la sayansi, alinganishe na masharti ya shule za taaluma anayoitaka.

Tabibu wa Kigoma hahitaji kuyajua majedwali hayo yote. Akimwambia dada yake kwamba alama ya binti ni mali ya kutunzwa, kwamba ada ya Biolojia yenye maabara haitapotea bure, na kwamba mshauri wa chuo aonwe kabla ya kujiandikisha, atakuwa amemsaidia mpwa wake.